Padre Sacleux, Mkusanya Maneno

1. Kijana wa kaskazini

Mmisionari akifika nchi ya ugeni hana budi kuhubiri. Lakini kabla ya kuhubiri hana budi kujua kusema, na kabla ya kusema hana budi kusikiliza. Hii ni habari ya padre mmoja aliyesikiliza maneno ya watu wa pwani kwa miaka mingi, akayaandika moja moja, wala hakuiacha kazi hiyo mpaka alipokuwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Jina lake ni Padre Charles Sacleux.

Charles Sacleux alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Enquin, upande wa kaskazini wa nchi ya Ufaransa. Alipokuwa kijana aliitikia wito wa Mungu, akaingia katika Shirika la Roho Mtakatifu. Shirika hilo lilikuwa likipeleka mapadre na mabruda katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1878 alipewa upadre. Mwaka uliofuata, 1879, wakubwa wake walimtuma Unguja na pwani ya Bara iliyo mkabala wake. Alikuwa na umri wa miaka 23 tu.

Siku hizo Unguja ilitawaliwa na Sultani Barghash bin Said. Bandari ilijaa majahazi ya Waarabu, ya Wahindi na ya watu wa Ngazija. Sokoni zilisikika lugha nyingi, lakini lugha iliyowaunganisha wote ilikuwa moja, nayo ni Kiswahili. Mchukuzi aliisema, tajiri aliisema, baharia aliisema, na qadhi aliisema. Padre kijana aliona upesi kwamba asiyejua lugha hiyo ni kama bubu mbele ya watu.

2. Misioni ya Bagamoyo

Ukivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bara, utafika mji wa Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misioni hapo mwaka 1868. Walipanda minazi na miti mingine mingi, wakafungua shule, wakafundisha useremala, uhunzi na kilimo.

Watoto wengi wa misioni hiyo hawakuzaliwa Bagamoyo. Walikuwa wametekwa mbali, wakaletwa pwani wakiwa watumwa. Biashara ya watumwa ilichukua watu kutoka pande za Nyasa, kutoka nchi zilizo karibu na ziwa Tanganyika, na hata kutoka Manyema, ambayo leo ni sehemu ya mashariki ya Kongo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kwa miaka mingi baadaye wafanya biashara waliendelea kuwapitisha watu kwa siri, usiku, kwa majahazi.

Jina la Bagamoyo lenyewe lafaa kufikiriwa. Watu husema kwamba limetoka katika maneno mawili, bwaga na moyo. Kubwaga ni kutua mzigo chini kwa kishindo. Wengine husema kwamba wapagazi waliotoka bara kwa miguu, vichwani wamebeba pembe za ndovu, walipoiona bahari walibwaga mizigo, na mioyo yao ikapumzika kwa furaha. Wengine husema kwamba mtumwa alipoiona bahari alikata tamaa, akauacha moyo wake pale pwani, kwa kuwa alijua hatarudi kwao tena. Jina ni lile lile moja, lakini kwa mmoja maana yake ni furaha, na kwa mwingine ni huzuni.

Watoto wa misioni walikuja na lugha zao mbalimbali. Huyu alisema Kiyao, yule Kinyamwezi, mwingine lugha nyingine. Hawakuweza kusemezana ila kwa Kiswahili, na wengi walikuwa wakijifunza sawa na mapadre wao.

3. Neno moja huzaa mengi

Padre anayefundisha dini hawezi kutumia neno lo lote bila kujua maana yake. Akikosea, wasikilizaji watacheka, au watapata mafundisho ya uwongo. Kiswahili kina maneno mengi yaliyo ndugu, yaliyotoka katika shina moja, lakini maana zake ni mbali mbali.

Mfano ni neno kutuma. Kutoka katika neno hilo hutoka mtume, yaani mtu aliyetumwa na Mungu kupeleka habari yake. Mitume wa Bwana wetu Yesu Kristu walikuwa 12. Lakini kutoka katika neno hilo hilo hutoka pia mtumwa, yaani mtu aliye mali ya mtu mwingine, anayetumwa kazi apende asipende. Tofauti ya mtume na mtumwa katika maandishi ni ndogo sana, lakini katika maisha ni kubwa kama mbingu na nchi. Padre mgeni akichanganya maneno hayo mawili mbele ya watoto waliowahi kufungwa minyororo, atawaumiza sana.

Mfano wa pili ni neno kukomboa. Mtu akiweka kitu chake rehani, kisha akalipa fedha na kukitwaa tena, amekikomboa. Mtu akilipa fedha ili mateka aachwe, amemkomboa mateka huyo. Mapadre wa Unguja na Bagamoyo walikomboa watoto wengi kwa fedha. Kwa hiyo mtoto wa Bagamoyo aliposikia katika katekisimu kwamba Kristu ndiye Mkombozi wetu, hakuhitaji maelezo marefu. Yeye mwenyewe alikwisha kombolewa mara moja, tena alijua bei yake.

Mfano wa tatu ni kinyume cha mtumwa. Kinyume cha mtumwa ni nani? Kiswahili cha pwani kina majibu mawili. La kwanza ni huru, neno lenye asili ya Kiarabu. La pili ni mwungwana, yaani mtu aliyezaliwa huru, asiyekuwa na bwana. Baadaye mwungwana likapata maana nyingine tena, yaani mtu mwenye adabu na tabia njema. Watu wa misafara waliosafiri kutoka pwani hata Kongo walipenda kujiita Waungwana. Kwa sababu hiyo Kiswahili walichokileta Kongo kiliitwa Kingwana. Watu wengi wamesema Kingwana bila kujua kwamba ndani ya jina hilo mna habari ya utumwa na uhuru.

Padre Sacleux alielewa kwamba maneno si maganda matupu. Kila neno limebeba maisha ya watu. Basi akaanza kuyakusanya.

4. Kazi ya kukusanya

Kamusi ni kitabu kinachopanga maneno ya lugha kwa utaratibu wa herufi na kueleza maana zake. Kuitumia ni rahisi, lakini kuitunga ni kazi nzito. Mtunzi akisikia neno jipya huliandika. Huuliza maana yake kwa watu zaidi ya mmoja, kwa kuwa mtu mmoja aweza kukosea. Huuliza kama neno hilo husemwa na watu wote au na wavuvi tu, au wanawake tu, au washairi tu. Hutafuta maneno mengine yenye maana iliyo karibu nalo. Hutafuta na kinyume chake. Kisha hulipanga mahali pake kati ya maelfu mengine.

Watoto wa Lac Vert waweza kuijaribu kazi hiyo kwa kutazama ziwa lao. Magharibi ya mji wa Goma, karibu sana na ziwa Kivu, kuna ziwa dogo lililo ndani ya shimo la volkano ya zamani. Kwa Kifaransa huitwa Lac Vert, yaani ziwa la kijani. Mtunzi wa kamusi akifika hapo, kwanza atauliza ziwa ni nini. Mtoto aweza kujibu kwamba ziwa ni maji. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa mto nao ni maji, na mvua nayo ni maji. Akijibu kwamba ziwa ni maji mengi yaliyotulia, ambayo yamezungukwa na nchi kavu pande zote, sasa amekaribia sana. Maelezo mazuri ya neno hufanya kazi kama ua wa nyumba: huingiza vyote vilivyo vyake na kufungia nje vyote visivyo vyake.

Kisha mtunzi atatafuta maneno ya jirani. Bwawa ni maji yaliyotulia pia, lakini ni dogo kuliko ziwa, na mara nyingine limechimbwa na watu. Kidimbwi ni kidogo zaidi, na jua kali laweza kukikausha. Maneno hayo yanafanana, lakini hayalingani kabisa. Anayeliita ziwa Kivu kidimbwi atachekwa na wavuvi wote.

Tena ataona jambo la ajabu. Wingi wa ziwa ni maziwa. Lakini maziwa ni pia kinywaji cheupe kinachokamuliwa katika ng'ombe. Haya ni maneno mawili yenye sauti moja, na kamusi nzuri itayatenga. Mwisho ataliangalia neno kijani, naye ataona kwamba limezaliwa na neno jani. Kijani ni rangi ya majani. Hivyo neno lenyewe limejieleza.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Padre Sacleux, si kwa ziwa moja tu, bali kwa nyumba, jahazi, shamba, jikoni, ugonjwa, ndoa, vita, sala na kila jambo la maisha ya watu. Walimu wake wa kweli walikuwa watu wa pwani wenyewe, ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Yeye alikuwa padre, nao walishika dini nyingine, lakini katika mambo ya lugha wao walikuwa waalimu, na yeye mwanafunzi. Anayetaka kujua hana budi kuwa mnyenyekevu.

5. Miti na lahaja

Padre Sacleux alipenda sana pia mimea. Alikusanya majani, maua na matunda ya nchi ya pwani, akayakausha, akayapeleka Paris kwa wataalamu wa elimu ya mimea. Wataalamu hao walilipa jamii moja ya mimea jina la Sacleuxia, kwa heshima yake. Mimea mingine kadha wa kadha nayo ina jina lake.

Elimu hiyo ilimsaidia sana katika kamusi. Mtu asiyejua mimea, akiulizwa maana ya jina la mti, hujibu tu kwamba ni mti fulani. Jibu hilo halimfai mtu ye yote. Padre Sacleux alitaka kujua ni mti gani hasa, akaandika na jina lake la kitaalamu. Hivyo mtu wa Ulaya, au wa Amerika, au wa Uhindi, akisoma aweza kuujua mti ule ule bila shaka.

Jambo la pili alilolishughulikia sana ni lahaja. Lahaja ni namna watu wa mahali fulani wanavyoisema lugha yao. Kiswahili cha Unguja si sawa kabisa na Kiswahili cha Mombasa, wala cha Lamu. Watu wa Unguja husema njia, watu wa Mombasa husema ndia. Watu wa Unguja husema njaa, watu wa Mombasa husema ndaa. Mtu wa Unguja akimwita mtoto humwambia njoo, na mtu wa Mombasa humwambia ndoo. Lakini Unguja ndoo ni chombo cha kutekea maji! Mgeni asiyejua lahaja aweza kuitwa ndani ya nyumba, naye akaleta ndoo ya maji.

Wasafiri wengine walifikiri kwamba lahaja moja ni sahihi na nyingine ni makosa. Padre Sacleux hakufikiri hivyo. Aliandika neno la Unguja, akaandika na la Mvita, la Amu, la Mrima, la Ngazija na la pengine, akaonyesha kila neno limetoka wapi. Alisikiliza hata tofauti ndogo za sauti ambazo sikio la haraka haliwezi kuzishika, akazitilia alama.

Tena alichunguza asili ya maneno. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kinyarwanda, Kinande, Kihunde, Kishi na lugha nyingine nyingi. Lakini bahari imekiletea wageni. Neno kitabu lilitoka kwa Waarabu. Neno serikali lilitoka kwa Waajemi. Neno gari lilitoka Uhindi, na neno meza liliachwa na Wareno. Wageni hao walivikwa mavazi ya Kiswahili, wakawa wenyeji.

6. Vitabu vitatu

Mwaka 1888 vita vilianza pwani kati ya Wajerumani na watu walioongozwa na Abushiri bin Salim. Bagamoyo uliharibiwa sana, na watu wengi walikimbilia misioni wapate salama. Abushiri alinyongwa mwezi wa Desemba mwaka 1889. Mwaka 1890 Waingereza waliiweka Unguja chini ya ulinzi wao. Nchi ilikuwa inabadilika mbele ya macho ya watu, na maneno nayo yalikuwa yanabadilika.

Katika miaka hiyo ya msukosuko Padre Sacleux hakuiacha kalamu. Mwaka 1891 alitoa kamusi yake ya kwanza, ya Kifaransa na Kiswahili. Mtu aliyejua neno la Kifaransa aliweza sasa kutafuta neno la Kiswahili. Kitabu hicho kiliwasaidia wamisionari wengi waliosema Kifaransa.

Lakini kazi ilikuwa nusu tu. Kamusi hiyo ilianza na neno la mgeni na kuishia na neno la mwenyeji. Ilibaki kazi kubwa zaidi, yaani kuanza na neno la mwenyeji lenyewe, na kulieleza mpaka mwisho.

Mwaka 1898 Padre Sacleux alirudi Ufaransa. Alikuwa amekaa Afrika ya Mashariki miaka 19. Wakubwa wake walimweka kufundisha katika seminari ya shirika huko Chevilly, karibu na Paris. Wengi hufikiri kwamba mtu akiondoka mahali, kazi ya mahali hapo imekwisha. Kwa Padre Sacleux haikuwa hivyo. Maandishi yake alikuwa nayo. Kila siku alikuwa na wajibu wake wa padre na wa mwalimu, na juu ya wajibu huo aliendelea kupanga maneno ya Kiswahili.

Mwaka 1909 alitoa kitabu cha sarufi, kinachoeleza kanuni za lahaja za Kiswahili. Baada ya hapo ilipita miaka 30 kabla kamusi yake kubwa haijatoka. Vita Kuu vya kwanza vilikuja mwaka 1914, vikaisha mwaka 1918. Vijana aliowafundisha walikwenda misioni, wengine wakazeeka, wengine wakafa. Yeye aliendelea. Neno moja, halafu neno jingine.

Wakati huo huo watu wengine walikuwa wakishughulikia Kiswahili. Mwaka 1930 serikali za Kiingereza za Afrika ya Mashariki ziliunda kamati ya lugha. Kamati hiyo ilikishika Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, yaani lugha moja ya vitabu na shule. Jambo hilo lilikuwa na faida kubwa, kwa sababu mtoto wa Mombasa na mtoto wa Tabora waliweza sasa kusoma kitabu kimoja. Lakini lilikuwa na hatari pia. Vitabu vikiandika njia tu, nani atalikumbuka neno ndia? Shule ikifundisha lahaja moja, maneno ya nyingine yaweza kusahauliwa, kama njia isiyopitwa ambayo huota majani.

Kwa hiyo kazi ya padre huyu mzee ilikuwa kama mbio. Akifa kabla ya kumaliza, maandishi yake yangebaki makaratasi tu, ambayo mtu mwingine asingeweza kuyapanga. Wale waliomfundisha maneno hayo zamani, pwani, walikuwa wakifa mmoja mmoja, wala hapakuwa na njia ya kuwauliza tena.

Hatimaye, mwaka 1939, kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris, kwa msaada wa chuo cha Institut d'Ethnologie. Ilikuwa na kurasa zaidi ya 1000. Padre Sacleux alikuwa na umri wa miaka 83. Tangu alipofika Unguja ilikuwa imepita miaka 60. Mwaka ule ule kamati ya lugha ya Afrika ya Mashariki nayo ilitoa kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza, ambayo ilianzwa na Frederick Johnson. Basi Kiswahili kilipata vitabu viwili vikubwa katika mwaka mmoja. Kimoja kiliwapa wanafunzi lugha moja ya kuandika. Cha pili kiliweka akiba ya lahaja zote.

7. Mwisho wa safari

Mwaka huo huo wa 1939 vita vikuu vya pili vilianza, na mwaka 1940 Ufaransa ilishindwa. Katika siku hizo za hofu watu wachache tu walikuwa na nafasi ya kusoma kamusi. Padre Sacleux alifariki mwaka 1943 huko Grasse, mji ulio kusini ya Ufaransa. Vita vilikuwa havijaisha. Alikuwa na umri wa miaka 86.

Lakini kitabu chake hakikufa. Mpaka leo, mtaalamu akisoma tenzi za zamani za Lamu au za Mombasa na kukuta neno ambalo halimo katika kamusi nyingine, huifungua kamusi ya Sacleux. Mara nyingi hulikuta neno hilo limekaa mahali pake, na mji wake umeandikwa, na asili yake, na maana zake.

Tangu wakati huo Kiswahili kimepata kamusi nyingi. Mwaka 1981 ilitoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na wataalamu wa Dar es Salaam, ambayo hueleza maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe. Na Kiswahili chenyewe kimesafiri mbali na pwani. Kimepanda mpaka Bukavu, Goma, Butembo na Kisangani. Huko nako kimepata namna yake. Mtu wa pwani husema nina kitabu, na mtu wa Goma husema niko na kitabu. Mtu wa pwani husema kuja, na watu wengi wa Goma husema kuya. Padre Sacleux angalisikia maneno hayo asingaliyacheka. Angalichukua kalamu, akauliza husemwa wapi, na nani, na kwa maana gani.

Mwanafunzi hujifunza Kiswahili sanifu ili aweze kusoma vitabu na kuandika barua zitakazoeleweka kila mahali. Hujifunza Kifaransa, na wengine hujifunza Kiingereza. Hayo ni mema. Lakini asiidharau lugha ya nyanya yake. Maneno ya wazee yakipotea, hayanunuliwi dukani. Huhifadhiwa na mtu anayesikiliza kwa makini, anayeuliza kwa adabu, na anayeandika bila kuchoka. Haba na haba hujaza kibaba.

MANENO MAGUMU

Lahaja: namna watu wa mahali fulani wanavyoisema lugha yao.
Mateka: mtu aliyekamatwa vitani na kuchukuliwa kwa nguvu.
Mpagazi: mtu anayechukua mizigo kwa ujira katika safari.
Rehani: kitu kinachowekwa kwa mtu mpaka deni lilipwe.
Sanifu: iliyokubaliwa na wote kuwa kipimo cha usahihi.
Sarufi: kanuni za kuunda maneno na kuyapanga katika lugha.

MASWALI

1. Padre Sacleux alizaliwa mwaka gani, na alifika Unguja mwaka gani?
2. Watoto wa misioni ya Bagamoyo walitoka wapi? Kwa nini walihitaji Kiswahili?
3. Eleza maana mbili ambazo watu hulipa jina la Bagamoyo.
4. Kwa nini mtoto wa Bagamoyo alilielewa upesi neno Mkombozi?
5. Jina la Kingwana lilitokana na neno gani?
6. Kiswahili sanifu kilileta faida gani? Kilileta hatari gani?
7. Kamusi kubwa ilipotoka, Padre Sacleux alikuwa na umri gani?

MAZOEZI

A. Andika kinyume cha maneno haya: huru, furaha, karibu, kusahau, mwenyeji, kufungua, mnyenyekevu.

B. Tafuta neno jingine lenye maana iliyo karibu na kila neno hili: kufariki, mwalimu, safari, kusemezana. Kisha useme kama maneno hayo mawili yanalingana kabisa au yana tofauti.

C. Eleza kwa sentensi moja maana ya kila neno hili, bila kuingiza vitu visivyo vyake: mlima, mto, kisima, mtumbwi, shule.

D. Kutoka katika neno kufundisha hutoka fundisho, fundi na mafunzo. Tafuta maneno yaliyotoka katika kuimba, kupika, kusoma na kulinda.

E. Mwulize mzee wa nyumbani kwenu maneno 5 ya lugha ya kwenu ambayo watoto hawayatumii siku hizi. Andika kila neno, maana yake, na kinyume chake ukiweza kukipata. Yalete shuleni, uyasome mbele ya wenzako.